Barua kwa mwanangu: lile basi lako na modi zetu za zamani

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Huku Mtwara tuko wazima, bibi yako magoti yanamsumbua kidogo ila anakusalimia sana, mdogo wako anaenda shule kama kawaida, na msimu wa korosho ndo umeanza kwa hiyo ukienda Nanguruwe asubuhi hukuti mtu nyumbani, wote wako mikoroshoni.

Nimeiona picha uliyonitumia juzi, lile basi kwenye Bus Simulator Indonesia, lile gemu la simu la kuendesha mabasi, lililoandikwa Dar–Mtwara ubavuni, alafu ukaniuliza eti mama unajua modi ni nini, yani kile kitu mchezaji anakitengeneza mwenyewe anakiingiza kwenye gemu la wengine. Mwanangu, najua. Najua tangu hujazaliwa, na umenifurahisha sana maana haya mambo yamekaa ndani yangu miaka yote hii sijapata mtu wa kumsimulia yote, sasa kwa kuwa na wewe umeyaingia nakuandikia barua ndefu badala ya voisi, uisome ukiwa umetulia hapo kwa shangazi yako.

Miaka ile ya 2005, 2006 nilikuwa nafanya kazi kwenye steshenari moja mjini, karibu na soko kuu. Kazi zilikuwa kutoa kopi, kuchapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za msingi, kupiga laminesheni vyeti vya watu. Kulikuwa na kompyuta tatu za Windows XP, mbili chovu na moja ya Pentium 4 yenye nafuu, jioni wateja wakipungua vijana wanalipia kwa nusu saa wanacheza gemu. Mwanzo ilikuwa GTA Vice City, alafu ikaja GTA San Andreas na mji mzima ukahamia huko. San Andreas la PlayStation 2 lilitoka mwishoni mwa 2004, la kompyuta likatoka katikati ya 2005, ila kwetu lilifika kwenye CD za kuchoma kutoka Kariakoo, zinakuja na basi. Na basi lenyewe enzi hizo usiombe! Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa limefunguliwa 2003 ila kipande cha Ndundu mpaka Somanga kilikuwa bado hakina lami, kiangazi vumbi masika tope, yani ukiagiza CD wakati wa mvua unasubiri tu, konda akifika ndo amefika.

Mimi ndo nilikuwa nafunga duka, kwa hiyo wakiondoka wote nacheza. Watu walisema, msichana gani anashinda kwenye magemu, lakini nilikuwa nalipenda kweli hasa kuendesha, misheni za kupigana nilikuwa naziruka, mimi nilitaka barabara. San Andreas lina barabara ndefu, zinatoka mjini zinaingia mashambani, kuna milima, kuna jangwa, unaweza kuendesha muda mrefu hukuti mtu.

Sasa modi yenyewe ilikuja hivi. Kijana mmoja aliyekuwa anasoma chuo Dar alikuja likizo na flashi ya MB 256 kaivaa shingoni kwa kamba, enzi hizo flashi ilikuwa kitu cha kuvaa. Tukaiskani kwanza maana flashi ndo zilikuwa zinatembeza virusi mji mzima, tukafungua folda moja, ndani mna vitu vitatu tu, faili linaloishia na .dff, lingine la .txd, na readme.txt, yani karatasi ya maelezo ya aliyetengeneza. Nikamuuliza hili ni gemu gani. Akaniambia hili si gemu dada, hii ni gari.

Mwanangu sijui nikueleze vipi nilivyojisikia. Mpaka siku ile gemu kwangu kilikuwa kitu kilichokuja kimeshafungwa huko kilikotoka, unacheza walichokupa basi, kumbe gari ni mafaili mawili, moja umbo lake na lingine rangi na ngozi yake, na mtu yeyote akijua anaweza kuyatoa akaweka ya kwake.

Wewe kwenye simu unachagua faili, gemu linalipokea, umemaliza. Sisi ilikuwa hivi. San Andreas magari yote na majumba na miti imo ndani ya faili moja kubwa linaitwa gta3.img. Kwanza unalikopi faili zima unaliweka pembeni, hiyo ndo sheria ya kwanza, na kwa Mtwara ilikuwa sheria mara mbili maana umeme wetu ulikuwa wa majenereta ya dizeli, kabla ya umeme wa gesi ya Mnazi Bay, ukikatika katikati ya kazi faili limekufa na gemu limekufa nalo. Alafu unalifungua na kiprogramu kinaitwa IMG Tool, inakuja orodha ya majina maelfu na maelfu, unatafuta coach, ndo basi kubwa la kwenye lile gemu, unafuta coach.dff na coach.txd, unaingiza yale mapya yenye majina yaleyale kabisa, herufi moja ikikosewa halisomi. Ukimaliza unabonyeza Rebuild Archive, unasubiri, kompyuta inanguruma, mstari unajaa polepole. Alafu unawasha gemu. Hapo sasa wote mmenyamaza nyuma ya kiti. Likipenda linaingia, likikataa linakutupa nje kwenye Windows bila hata neno moja, unaanza upya kutafuta tatizo liko wapi. Na matoleo ya baadae ya San Andreas yalikuwa hayazitaki modi nyingi, kwa hiyo CD yenye toleo la 1.0 watu waliificha kama dhahabu.

Na kuna faili lingine, hili ndo lilinimaliza kabisa, handling.cfg, lipo kwenye folda ya data na unalifungua kwa Notepad tu, kile kidaftari cha kuandikia cha Windows, haina haja ya programu nyingine yoyote. Ndani kila gari ina mstari wake wa namba, uzito wake, spidi ya mwisho, breki, bodi inavyodunda ikipita shimo. Tunaongeza uzito wa basi, tunalegeza springi, tunalipeleka kwenye njia za vumbi za kule mashambani, na likawa linayumba vilevile kama basi la Ndundu, unashika usukani unajua kabisa hapa nikizidisha naanguka. Namba tu hizo, kwenye Notepad! Mpaka leo nikifungua faili lolote la namba hata la mahesabu ya dukani huwa nakumbuka lile.

Baadae nikapata TXD Workshop, hiyo ni ya kutolea picha. Unafungua ngozi ya gari unaitoa kama picha ya kawaida, unaipeleka kwenye Paint unaichora, unairudisha. Vipimo ilibidi viwe vile vya 128, 256, 512, ukileta picha ya saizi yako mwenyewe matatizo yanaanza. Nikachukua basi la modi moja, nikafuta maandishi yaliyokuwepo ubavuni, nikaandika MTWARA kwa herufi kubwa nyeupe, nikachora na mstari wa bluu chini yake kwa kipanya kile cha mpira wa chini kinachokwama kwama. Nikarudisha, nikarebuild, nikawasha. Upande wa kushoto limekaa vizuri kabisa. Nikazunguka upande wa pili nakuta ARAWTM. Yule aliyelitengeneza alitumia picha moja ya ubavu kwa pande zote mbili ili faili lisiwe zito, kwa hiyo upande mmoja picha inageuka kama kwenye kioo. Ila jina letu lina bahati, M na T na W na A ukizigeuza zinabaki zilezile, ni R tu inayogeuka, kwa hiyo basi likikimbia mtu hashtuki sana.

Siku moja bibi yako akapita pale dukani jioni kunichukua tutembee wote kurudi, akanikuta naliendesha. Akasimama nyuma yangu kashika kikapu chake, akasoma, bibi yako unajua anasoma polepole kwa sauti, M-twa-ra. Akanyamaza kidogo. Alafu akauliza, hili basi letu limefikaje huko? Nikamwambia nimeliandika mimi. Akaliangalia tena weee, akasema mbona juu halina mizigo? Basi gani la Mtwara juu tupu, magunia ya korosho yako wapi, magodoro yako wapi?

Alikuwa na haki. Ila magunia mwanangu si kazi ya Paint. Maandishi unachora juu ya ngozi, lakini gunia lazima liwe na umbo, uingie kwenye lile faili la .dff uongeze vitu, na programu za hiyo kazi ilikuwa ZModeler au 3ds Max, ile Pentium yetu ingelia, na 3ds Max bei yake ni ya makampuni, na mtu wa kutufundisha hakuwepo. Kwa hiyo basi letu likabaki juu tupu. Tulilicheza hivyohivyo mpaka ile kompyuta ilipouzwa.

Sasa kuna kitu nataka uniahidi. Ile readme.txt usiwe unaifuta bila kusoma. Siku zile tulikuwa tunazisoma kama barua, maana ndo kitu pekee tulichokuwa nacho kutoka kwa mtu aliyetengeneza. Zingine za Kijerumani, zingine za Kirusi ambazo ukizifungua kwenye Notepad yetu zilikuwa zinatoka alama za ajabu ajabu, herufi zina vinukta na vikofia, hata neno moja husomi, lakini unaona mtu kaandika kirefu, kapanga mistari, kaweka na jina lake la utani mwisho. Zile za Kiingereza nyingi zilikuwa zinasema kitu kilekile, modi hii ni bure, ukiiweka sehemu nyingine acha jina langu. Basi. Mtu yuko Ulaya huko baridi, katoka kazini au shule kakaa usiku anachora taa za nyuma za basi, hakuna anayemlipa, anaiachia, inapita mkono kwa mkono, inafika kwenye flashi ya kijana wa Mtwara na mimi naendesha. Jina lake tu ndo anaomba. Mimi naona ni haki yake kabisa na sitaki mtoto wangu awe miongoni mwa wale wanaofuta jina la mtu wanaandika la kwao. Najua wapo wengi sahivi kwenye magrupu, modi ya mtu inabadilishwa jina inauzwa.

Na usidhani modi ni michezo ya pembeni tu. Wewe na mdogo wako si mnagombania simu kwa ajili ya PUBG? Basi ile ni mtoto wa modi. Kulikuwa na gemu la kijeshi la Czech linaitwa ARMA 2, mwaka 2012 Dean Hall, mtu wa New Zealand, akatengeneza modi juu yake inaitwa DayZ, ya kuhangaika usife na mazombi. Alafu Brendan Greene, mwenyewe wa Ireland, alikuwa anaishi Brazil wakati huo, akachukua hiyo DayZ akatengeneza modi ya watu wengi kushushwa sehemu moja wanabaki mmoja. Jina lake la kwenye gemu lilikuwa PlayerUnknown, ndo hiyo PU ya mwanzo wa PUBG, na 2017 ikatoka kama gemu linalojitegemea. Modi juu ya modi. Na Counter-Strike, ambayo vijana wa chuo walikuwa wanaichezea kwa kuunganisha kompyuta waya kwa waya, ilianza 1999 kama modi ya gemu linaitwa Half-Life, wawili tu, Minh Le alikuwa mwanafunzi Canada na Jess Cliffe yuko Marekani, kampuni ya Valve yenye Half-Life ikawachukua na modi yao 2000.

Hata kabla yao, kwenye gemu la Doom la mwaka 1993, John Carmack na wenzake wa id Software waliweka picha na sauti na ramani kwenye faili la peke yake linaitwa WAD, mbali na programu inayoendesha gemu. Walikuwa wameshaona watu wanavyohangaika kuchokonoa gemu lao la nyuma yake, Wolfenstein 3D, wakaamua kuwaachia mlango. Nakwambia hili ujue kuwa kufunguka kwa gemu ni uamuzi wa mtu, kampuni ya Maleo ya Indonesia waliotengeneza hilo lako la mabasi nao wameacha nafasi ya modi kwa makusudi, ndo maana leo vijana wa hapahapa Tanzania wanaingiza mabasi yetu humo.

Mjomba wako naye usimsahau kwenye hii hadithi. Yeye na mpira. Unakumbuka ulikuwa mdogo, timu yetu ya Ndanda walipopanda ligi kuu 2014, mji ulivyokuwa, uwanja wa Nangwanda Sijaona unajaa, kila kona Ndanda kuchele? Yeye akaona haiwezekani Ndanda wako ligi kuu alafu kwenye gemu la mpira la PES 2013 hawapo. Akachukua timu moja ambayo hakuna anayeichagua, akabadili jina, akachora jezi kwenye kompyuta akaingiza, akaandika kikosi chote mchezaji mmoja mmoja, urefu, mguu anaotumia, mpaka mitindo ya nywele. Shida ikawa kwa watangazaji wa kwenye gemu, Jon Champion hawezi kutamka jina ambalo hakulirekodi, unachagua kwenye orodha ya majina yaliyomo, kwa hiyo wachezaji wenye majina ya Kiislamu walipata unafuu maana Waarabu wa Afrika Kaskazini wamejaa humo, lakini wale wenye majina ya Kimakonde walicheza mpira bila kutajwa msimu mzima. Vijana walikuwa wanatoka mpaka Mikindani kuja kucheza na Ndanda dhidi ya Barcelona. Wakifungwa wanagombana na mjomba wako kwamba kampa kipa namba ndogo! Ile hard disk ya kompyuta yenye hiyo timu bado anayo, muulize ukirudi, atakuonyesha kwa furaha.

Kitu kingine, nakuomba kama mama. Modi ya basi ni kitu kimoja, na zile APK, yani mafaili ya kuweka programu kwenye simu, za kusema pesa bila kikomo, sarafu bure, ni kitu kingine. Zile usiweke, wala usimwekee mdogo wako. Ukiona inataka namba ya simu, inataka ruhusa ya kusoma meseji wakati ni gemu, jua kuna mtu anataka kuingia kwenye M-Pesa yako. Basi halihitaji kusoma meseji zako.

Sasa kuhusu laptopu aliyokununulia baba yako. Najua ni ya mtumba lakini ni nzuri mara nyingi kuliko ile Pentium, na ile programu ya maumbo ambayo sisi tulikosa wewe unayo bure, inaitwa Blender. Hiyo Blender ilikuwa ya kampuni, kampuni ikafa, mwaka 2002 watu wakachanga euro 100,000 mtandaoni ikanunuliwa ikafunguliwa kwa kila mtu, na tangu hapo ni bure kabisa na ni halali, hutafuti CD ya kuchoma wala krak ya kuvunja kufuli la programu. Muombe shangazi yako Wi-Fi usiku watu wakilala uidaunlodi, au weka bando la usiku, nitakutumia hela. Anza na kitu rahisi, gunia. Gunia ni boksi tu umelivimbisha na kulegeza kona, na ukishaweza moja unalikopi unapanga ishirini juu ya keria. Basi zima usianze nalo, utachoka utaacha. Kwenye kozi yako ya kompyuta najua wanawafundisha Word na Excel, zisome vizuri, lakini jioni iwe ya hii.

Huyo kijana aliyelitengeneza hilo basi la modi unaloendesha mtafute umwandikie, mshukuru kwanza alafu muulize kama anaruhusu uongeze kitu, na akikubali jina lake libaki la kwanza. Akikataa usilifungue, tafuta lingine la mtu mwingine au subiri mpaka uweze utengeneze lako.

Nimemwambia bibi yako kwamba mjukuu wake anaweza kuweka mizigo juu ya basi. Kasema magunia yawe ya juti, siyo viroba vya nailoni, na yafungwe kamba mbele mpaka nyuma maana vilima vya huko njiani anavijua. Magodoro mawili kwa juu, na kuku wasiwekwe kwenye keria, watakufa na jua.

Msalimie shangazi yako na watoto, na ule vizuri.

Mama yako
Mtwara